Visahani vya Mgeni Rasmi

Nilikuwa nimevishika viwili, kimoja mkono huu na kingine mkono ule, nimevielekeza dirishani kama mtu anayechagua mayai. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumatatu, jua limeingia hadi kwenye karo. Visahani vya kioo, vifuniko vimezibwa kwa utepe, namba ile ile ubavuni: mia moja thelathini na saba. Kijidudu kile kile, kutoka kwa kuku yule yule, kimepandwa na mkono ule ule. Na bado duara la kisahani cha kulia lilikuwa kubwa, la kushoto dogo.

Kazi yangu ilikuwa kuvitupa. Au tuseme kuvichemsha kwa mvuke mpaka vilivyomo vife, kisha kuviosha na kuvirudisha kabatini. Hakuna aliyeniajiri nitazame. Lakini mtu aliyepika chakula hawezi kupokea sahani zinazorudi asiangalie zimeliwaje. Nikavitazama tena na tena, maana nilikuwa nimeshajua tofauti yao ni nini, na nilikuwa nimeshajua ni ya nani.

Nianze mbali kidogo.

Mimi nilikuwa mpishi wa maabara ile. Sitanii. Jikoni kwangu hakukuwa na kitunguu wala bizari, lakini nilipika kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na sita, na waliokula hawakuwahi kubakiza. Bakteria ni watu wa kudeka sana. Wanataka supu ya nyama iliyochujwa, ichanganywe na unga unaogandisha, ipikwe kwenye otoklevu, ile sufuria kubwa ya mvuke, kisha imwagwe ndani ya visahani ikiwa vuguvugu na kuachwa igande kama jeli. Isiwe na povu. Isiwe na vumbi. Mtu asipige chafya karibu. Wenye makoti meupe walipigwa picha za kalenda wakiwa wameinamia hadubini, na mimi sikuwaonea wivu hata siku moja, kwa sababu kijidudu hakioti juu ya shahada ya mtu. Kinaota juu ya chakula, na chakula nilikipika mimi.

Mtaniambia najisifu. Ndiyo, najisifu. Nimestaafu, siku hizi mashine ndiyo inayomwaga, nisipojisifu mimi ile mashine itanisifu?

Wote waliniita Mpishi, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi. Nilipenda. Kitu kimoja tu kilinikera: kwenye karatasi za ofisi sikuwa mpishi wala chochote. Nilikuwa kibarua. Mkataba wa miezi sita, ukiisha unaandikwa mwingine, miaka kumi na moja mfululizo. Mwaka ninaousimulia ndio barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuwa imefika mezani kwa afisa utawala, imeshapigwa chapa, inangoja sahihi tu.

Mwaka huo huo Daktari alikuwa kwenye kazi yake kubwa. Nikisema Daktari namaanisha daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, mabuti ya mpira yapo garini muda wote. Alizunguka machinjio ya kuku na mabanda ya wafugaji akikusanya vinyesi na vipande vya ngozi, akitafuta salmonela. Hicho ni kijidudu kinachokaa tumboni mwa kuku bila kumsumbua, kisha huingia kwa mtu kupitia nyama isiyoiva au kibao cha kukatia kisichooshwa, na kumlaza chini wiki nzima, wengine wasiamke. Swali lake lilikuwa moja: dawa tulizonazo bado zinakiua, au kimeshazizoea? Wafugaji walikuwa wanawatilia kuku dawa kwenye maji hata kabla hawajaugua, eti kinga. Na dawa hiyo hiyo ndiyo waliyokuwa wakichomwa wagonjwa hospitalini.

Kupima kwenyewe ni rahisi kueleza. Kijidudu kinapakwa juu ya jeli yote. Juu yake vinawekwa vikaratasi sita vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kesho yake unaangalia. Dawa ikiwa na nguvu, vijidudu vinakufa kuzunguka kikaratasi chake, linabaki duara tupu. Dawa ya nne ndiyo iliyokuwa macho ya wote, ile ya wafugaji na ya hospitali. Duara lake likifika milimita ishirini, dawa inafanya kazi. Likipungua hapo, kijidudu kimeshinda.

Aliyepima maduara alikuwa fundi sanifu wetu, tuliyemwita Rula kwa sababu ya rula ya chuma iliyokaa mfukoni mwa shati lake hata siku ya harusi yake. Mtu makini, mcheshi, mwoga wa matatizo. Yeye ndiye aliyembatiza Mgeni Rasmi.

Mgeni Rasmi hakuwa mtu. Alikuwa kijidudu kilicholetwa kwa ndege ndani ya boksi la barafu, kina cheti chake, na maduara yake yanajulikana dunia nzima. Kila wiki alipandwa pamoja na vijidudu vya kuku. Akitoa maduara yanayotakiwa, basi dawa ni nzima, chakula ni kizima, macho ya mpimaji ni mazima, na majibu ya wiki yanaaminika. Akikataa, kazi yote ya wiki inafutwa. "Asipofurahi huyu bwana," Rula alizoea kusema, "hakuna shughuli." Na kila wiki Mgeni Rasmi alifurahi.

Sasa sikilizeni nilivyokosea.

Unga wa kugandishia ulitoka ng'ambo, na mwaka ule ulikwama njiani. Daktari akaja jikoni kwangu, akasimama mlangoni maana alijua sitaki mtu aingie na vumbi lake. "Mpishi, huo unga utatufikisha mwisho wa mwezi wa tatu?"

Nikalitazama kopo. Nilijua hautafika. Mtoto mdogo angejua. Lakini katika miaka yangu yote pale hakuna siku benchi la wapimaji liliwahi kukosa kisahani, hata siku umeme ulipokatika nikapika kwa jiko la mafuta ya taa. Nilikuwa na jina. "Utafika, Daktari," nikasema, nikaendelea kufuta meza.

Chupa ya nusu lita inatoa visahani ishirini. Nikaanza kutoa thelathini na vitatu. Jeli ikawa nyembamba, lakini ilikuwa safi, imetulia, inang'aa, na vijidudu viliota vizuri tu. Nani angelalamika? Aliyenifundisha kazi, bibi mmoja aliyestaafu zamani, aliniambia "jaza mpaka hapa" akanionyesha kwa ukucha. Hakuniambia kwa nini, na mimi sikumuuliza. Nilidhani ni ukarimu tu, kama kumjazia mtu kikombe.

Isipokuwa vinne vya kwanza vya kila chupa. Hivyo nilivimwaga kwa ujazo wake kamili, nikavibandika utepe mwekundu, nikaviweka rafu ya juu: vya Mgeni Rasmi. Jamani, mgeni rasmi unampa makombo? Nina adabu zangu mimi. Na wala sikumwambia mtu, kwa sababu heshima ya jikoni haitangazwi.

Miezi miwili na nusu nilipika hivyo. Nilijisikia shujaa. Kila Ijumaa nikitikisa kopo la unga na kulisikia bado lina kitu ndani, nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele.

Basi ile Jumatatu. Wiki iliyotangulia, kikaratasi cha dawa ya pili kilidondoka kutoka kwenye kisahani namba mia moja thelathini na saba, ikabidi Rula arudie kipimo. Visahani vya kawaida vilikuwa vimemwishia mezani, akachukua kimoja cha utepe mwekundu kilichosalia. Baada ya kusoma duara la dawa ya pili, alilolihitaji peke yake, vyote viwili vikaja kwenye kapu langu la kuchemshwa. Nikavishika dirishani. Chembamba: duara la dawa ya nne kubwa, limekaa kama sarafu. Kinene: duara dogo.

Mtu hahitaji digrii hapo. Dawa inapenya kwenye jeli kama maji yanavyopenya mchangani. Jeli ikiwa nene, dawa inazama chini pia. Ikiwa nyembamba haina pa kuzama, inakimbilia pembeni, inaua mbali zaidi. Duara halikuwa kubwa kwa nguvu ya dawa. Lilikuwa kubwa kwa ubahili wangu. Na Mgeni Rasmi, aliyewekwa pale ili atuumbue tukikosea, alikuwa anakula sahani zake nzuri kila wiki na kutuambia mambo ni shwari.

Nikaketi juu ya ndoo.

Lakini kuketi hakupiki kitu. Mchana ule ule nikamwaga sita: vitatu vya ujazo kamili, vitatu vyembamba. Nikampelekea Rula. "Nipandie hiki cha mia moja thelathini na saba kwenye vyote sita."

"Umeanza utafiti, Mpishi?"

"Panda bwana, usinichoshe."

Akapanda, akicheka. Jumanne asubuhi akavitoa kwenye kabati la joto, akachomoa rula yake, akaanza kusoma kwa sauti. Kinene: kumi na saba. Kinene: kumi na sita. Kinene: kumi na saba. Chembamba: ishirini na mbili. Hapo sauti ikaanza kupungua. Ishirini na tatu. Ishirini na mbili. Akarudia kupima cha mwisho, akarudia tena, kama vile rula ingemhurumia. Nikamweleza yote: unga, chupa, utepe mwekundu.

Rula akaenda kufunga mlango.

"Mpishi, nisikilize," akasema. "Hili lizikwe hapa hapa. Mgeni Rasmi amekubali kila wiki, imeandikwa na imesainiwa. Akija mkaguzi kutoka mbinguni, hataona kitu. Hata Daktari mwenyewe hawezi kukuta kitu. Hakuna rekodi ya unene, hakuna kisahani kilichobaki, umeviosha vyote wewe. Ripoti inakwenda Ijumaa hospitalini na kwa maafisa mifugo. Mwezi ujao unga unafika, tunaendelea vizuri, basi. Na barua yako iko juu pale, dada yangu. Miaka kumi na moja! Unataka kuichana kwa mikono yako?"

Siwezi kusema uongo hapa: nilitamani awe amesema kweli. Na alikuwa amesema kweli, hilo ndilo lililonitesa. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kulijua kosa lile, na alikuwa amevaa aproni yangu.

Nilirudi nyumbani siku ile. Tulikaa na mama mkwe wangu, na mama mkwe wangu alikuwa na kuku mia na hamsini nyuma ya nyumba, aliowapenda kuliko alivyompenda mwanawe, naye mwanawe alikuwa akilalamika hivyo kwa utani. Nikamkuta anakoroga unga mweupe kwenye maji yao.

"Mama, wanaumwa?"

"Waumwe wana nini! Hii ni kinga." Akapiga kijiko ukingoni mwa ndoo. "Yule wa duka la mifugo kaniambia niendelee bila wasiwasi, majibu ya nusu ya kwanza ya utafiti yametoka, dawa hii bado ina makali. Nikamuuliza, majibu ya maabara gani? Akaitaja yenu. Nikamwambia mbele za watu, hiyo ni maabara ya mkwe wangu! Wakanisogezea kiti."

Akacheka kwa raha zote, na mimi nikasimama pale na mkoba wangu begani. Mama huyu hakuwa mwepesi wa kusifu. Nilipoolewa alichukua miaka mitatu kukubali kwamba najua kupika wali. Sasa alinisifu sokoni, na sifa ile ilikuwa imepikwa kwenye jeli nyembamba. Kuku walikuwa wanakunywa kwa sababu yangu. Na siku mmoja wao akichinjwa, na kijidudu kilichozoea dawa kikapanda mezani kwa mtu, daktari hospitalini angefungua ripoti yetu na kumchoma mgonjwa dawa isiyofanya kitu, akiwa na uhakika kabisa.

Niliingia ndani nikalia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilikuwa nimejivunia sahani zangu maisha yangu yote, na nikagundua sitaweza tena kuzijivunia hata moja kama nitanyamaza. Barua ya ajira ya kudumu ingesema mimi ni nani? Mpishi gani anajua kwamba chakula chake kina sumu na bado anapakua?

Jumatano asubuhi nikavaa aproni safi, nikavipanga vile visahani sita kwenye sinia, nikaenda ofisini kwa Daktari. Alikuwa anaandika ukurasa wa mwisho. Nikaweka sinia juu ya karatasi zake.

"Daktari, usiipeleke."

Nikamwambia kwa mpangilio, kama ninavyopika: kwanza kopo, halafu chupa, halafu utepe mwekundu, halafu namba mia moja thelathini na saba. Hakunikatiza. Alikiinua kisahani kimoja kimoja, akakitazama ubavuni, kwenye unene, akakishusha. Alipomaliza alikuwa amebadilika rangi.

"Vingapi vilikuwa vyembamba?"

"Vyote. Isipokuwa vya Mgeni Rasmi."

Akafumba macho. Nilidhani atapiga kelele, na ningependa angepiga. Badala yake aliuliza taratibu, "Kwa nini hukuniambia unga hautoshi?"

"Uliniuliza kama utafika. Nikaona aibu kusema hautafika. Nilijivuna, Daktari. Hakuna sababu nyingine."

"Na hiki," akasema akionyesha sinia, "nani alikwambia ufanye hiki? Vitatu vinene, vitatu vyembamba, kijidudu kimoja?"

"Sikuambiwa na mtu. Nilitaka kujua."

Akanitazama. Mpaka leo nikikumbuka alivyonitazama najikuta nimekaa wima. Nilimwona akiwatazama hivyo watafiti wageni, wale anaobishana nao kwa furaha mpaka chai inapoa. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo kabla ya siku ile.

Kisha akachukua simu, akampigia daktari wa wodi hospitalini. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Ile dawa ya nne, usingoje ripoti yangu, na ile ya nusu ya kwanza usiiamini. Nimekosea. Ndiyo, mimi. Nitakueleza." Alisema mimi. Alikuwa na haki zote za kusema mpishi wangu, lakini hakusema.

Tukaanza upya. Vijidudu vyote mia mbili na nane vilikuwa vimehifadhiwa kwenye friza, vimelala tu. Daktari akaazima unga kutoka maabara nyingine, nami nikapika kwa wiki tano kama sijawahi kupika. Nilikiweka kila kisahani ubavuni mwa rula ya Rula: milimita nne, isizidi, isipungue. Mume wangu ni seremala; nikamwomba pima maji yake, ile yenye kiputo cha hewa katikati, akaja mwenyewe kuisawazisha meza yangu ya kumwagia. Tukakuta ilikuwa imeinama upande mmoja miaka yote. "Kumbe hata supu ya vijidudu ina fundi," akasema akiwa amelala chini ya meza anagonga kabari. Nikamwambia agonge, asiongee.

Kuhusu Mgeni Rasmi, nilimshusha cheo. Kuanzia siku ile kisahani chake kilichukuliwa popote kwenye rundo, macho yamefumbwa, kama cha mtu yeyote. Rula akaninunia siku tatu. Ya nne akaja na daftari jipya alilolipigia mistari mwenyewe: safu ya tarehe, safu ya chupa, safu ya unene, safu ya sahihi ya mpishi. "Weka saini hapo," akasema bila kunitazama. "Nisije nikazikwa mimi." Ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, na nikaipokea.

Mara ya kwanza, kati ya vijidudu mia mbili na nane, kumi na moja tu ndivyo vilivyoishinda dawa ya nne. Mara ya pili vilikuwa sabini na vinne.

Daktari aliita mkutano wa maafisa mifugo, wenye maduka ya dawa na madaktari wa hospitali. Sikualikwa, nilikuwa jikoni kwangu na mikono kwenye povu la sabuni, nilipomwona mwanamume mrefu mwenye kitambulisho cha hospitali amesimama mlangoni. Akauliza, "Wewe ndiye Mpishi?" Nikasema ndimi, asiingie na viatu. Akavua viatu! Akaingia na soksi mpaka kwenye karo, akanishika mkono ulivyolowa hivyo hivyo.

"Siku ile Daktari aliponipigia nilikuwa na wagonjwa wawili wodini," akasema. "Mama na binti yake, wamekula pamoja. Walikuwa kwenye dawa hiyo siku ya tatu, hawapati nafuu, na mimi nangoja ripoti yenu inipe moyo wa kuendelea nayo. Nikabadilisha saa ile ile."

"Wako wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani."

Alipoondoka nilikunja kitambaa, nikakikunjua, nikakikunja tena. Kisha nikaimba. Mimi sina sauti, wote pale wanajua, lakini siku ile waliivumilia.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu. Nilipomwambia aache kinga alinung'unika kwamba sisi watu wa maabara tuna ndimi mbili. Nikamweleza kosa lilikuwa langu, tangu mwanzo mpaka mwisho, nikangoja anikaripie. Akakaa akifikiri, kipepeo cha mkaa mkononi. "Umewaambia wewe mwenyewe?" Nikasema mimi mwenyewe. Akanyanyuka, akaimwaga ile ndoo kwenye shimo la taka, akaanza kuniuliza habari za chokaa bandani na maji ya kuoshea viatu. Alikuwa ananiuliza mimi, na aliyafuata niliyomwambia. Wiki ile ile nikamsikia ng'ambo ya ua akimwambia jirani yake: "Dawa si chumvi, ohoo! Muulize mkwe wangu."

Ajira ya kudumu sikuipata mwaka ule. Afisa utawala aliirudisha barua kwenye faili, na ilichukua miaka miwili mingine kutoka humo. Siwezi kusema haikuniuma. Iliniuma sana, na kila nilipopita mlango wa ofisi ile nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Badala yake nilipewa bahasha nyingine. Nilikuja nayo nyumbani siku ya Jumamosi, nikamkuta mume wangu karakanani anapiga randa. Nikampa karatasi, nikamwambia naomba fremu, ya mbao ngumu, yenye kioo.

Akapangusa vumbi la mbao mikononi, akasoma kichwa cha habari. Barua ya onyo. Akanitazama kama mtu anayepima joto la mgonjwa. "Mke wangu, watu wanatundika vyeti. Wewe unatundika onyo?"

"Soma mstari wa tatu. Kwa sauti."

Akaisogeza karatasi mwangani. Afisa utawala alikuwa mtu wa kuandika kwa ukamilifu, hakuacha jambo, na alikusudia kunikemea ipasavyo. "Kosa hili," mume wangu akasoma, "lisingeweza kugunduliwa na mkaguzi, na kipimo chochote, wala na mtumishi mwingine yeyote wa taasisi, isipokuwa kwa mpishi mwenyewe kulichunguza, kulithibitisha na kulitolea taarifa kwa hiari yake."

Akausoma tena, safari hii kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza. Kisha akaiweka ile karatasi juu ya benchi, mbali na gundi, akaenda kuchagua mbao.